Kofia Mlangoni mwa Tangi

Shuleni, Thika
Jumapili, 26 Januari 2025

Kwako Baba,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Naliweka hapa juu kabla ya salamu kwa sababu nikitanguliza salamu nitaishia hapo hapo. Kila mara msichana wa zamu anapokuja mlangoni mwa darasa letu na karatasi yenye jina la anayeitwa ofisini, mimi huacha kupumua. Huwa na hakika ni jina langu. Naona kabisa nitakavyofika ofisini na kumkuta Mama kwenye kile kiti cha wageni, leso imemteleza kichwani, na wewe umekufa. Halafu anaitwa mwingine, kwa sababu ya karo au ya nywele, nami nashika kalamu tena. Msichana ninayekaa naye anafikiri nina pumu.

Sasa salamu. Natumaini joto la Mombasa halikusumbui sana. Sisi tu wazima. Kabla shule hazijafunguliwa nilikwenda Ruiru kumwona mama yako, Shosho. Goti lake bado, lakini anasema goti hilo ni la zamani kuliko mimi, nisilionee huruma. Ngigi ameanza Gredi ya Nne na amekataa kuvaa soksi. Mama amepata nafasi bora ya mboga pale sokoni Githurai 45, karibu na daraja la watu, kwa hivyo anaondoka nyumbani Kiganjo mapema zaidi.

Woga wangu ulianza Krismasi. Wewe ulikuwa sebuleni na jirani yetu Kinyanjui, mimi nikimenya viazi jikoni. Ulimweleza jinsi chini ya ile meli ya doria mnayounda kulivyogawanywa vyumba vidogo vya chuma, na jinsi mtu anavyoingia kwenye tangi kwa tundu lisilozidi mabega yake, mikono kwanza, halafu kichwa, halafu anajivuta. Kinyanjui akauliza, "Na ukinenepa huko ndani, Gachau?" Ukamjibu, "Basi jeshi la majini litapata meli yenye fundi wake ndani." Mlicheka. Hata mimi nilicheka. Lakini niliporudi shuleni, maneno hayo nilikuwa nimekuja nayo.

Ulisimulia pia kuhusu msimamizi wenu, Mzee Mutisya: kwamba kila anayeingia tangi lazima aache kofia yake mlangoni, na tundu halifungwi hata kwa amri ya mtu yeyote ikiwa kuna kofia pale. Hilo lilinituliza sana. Kisha ukasema Mzee Mutisya amestaafu Desemba, na Kinyanjui akaomba chai nyingine.

Mimi nauliza ambalo Kinyanjui hakuuliza. Sasa Mzee Mutisya hayupo, kofia bado zinaachwa?

Madam Wayua, naibu wa mwalimu mkuu, husoma barua zetu zote kabla hazijatoka. Madam, samahani kwa mwandiko.

Binti yako,
Kui

*

Mombasa
14 Februari 2025

Kwako Maitu,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya mchuzi kwenye bahasha, sijui ni wa Thika au wa posta. Niliisoma wakati wa chai. Wenzangu wanacheka wakiniona naandika "Maitu" hapo juu. Mmoja wa huku Pwani aliniuliza, "Gachau, hiyo Maitu si mama kwa Kikuyu? Unamwandikia mama yako au mtoto?" Nikamwambia wote wawili, kwa kuwa umepewa jina la mama yangu na ukaidi wake pia.

Mimi ni mzima wa afya. Nakula vizuri. Kuna mama mmoja hapa nje ya lango la kiwanda anapika githeri, ingawa mahindi na maharagwe anayaunga kwa nazi, jambo ambalo Shosho asisikie. Mwambie Ngigi kwamba hata mimi nilikataa soksi, na leo vidole vyangu vya miguu vimepinda kama tangawizi.

Wacha nikupe habari za kazi, maana wewe hupenda kujua kitu kinavyofanya kazi. Tumeletewa mashine mpya ya kuchomelea. Inakaa juu ya reli yake, inatembea polepole ikiunganisha mabamba mawili ya chuma, haipigi chafya, haiendi kukojoa. Mshono wake umenyooka kuliko wangu, nasema ukweli, na mimi nilikuwa nachomelea mageti Ruiru kabla hujazaliwa. Zamani tulikuwa tunapasha bamba moto, tunalimwagia maji, tunaligonga kwa nyundo mpaka likunje tunavyotaka. Siku hizi mabamba yanakuja yamekatwa na kukunjwa tayari, yana namba. Unatafuta namba na mwenzake.

Kwa hivyo kazi ya nje imechukuliwa na mashine. Sisi mafundi wa mkono tumebaki na pembe ambazo mashine haingii. Nyembamba, giza, na mgongo lazima uukunje. Lakini usiogope. Ni kazi kama kazi nyingine.

Tena tuna mambo ya kisasa. Kila mtu ana kadi. Ukiingia tangi unaigusisha kwenye kifaa kilicho juu kwenye ngazi, ukitoka unaigusisha tena, na ofisini kuna skrini inayoonyesha majina ya walio ndani. Injinia anakaa pale na kikombe chake anatuona sote. Hata wewe ungeipenda.

Kwa hivyo ukimwona msichana wa zamu, pumua. Soma kwa bidii. Msalimie Madam Wayua, mwambie mwandiko wako umetoka kwangu, asikuadhibu.

Baba yako,
Gachau

*

Shuleni, Thika
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwako Baba,

Salamu nyingi. Mama alikuja siku ya wazazi akiwa na chapati na ndizi. Anakusalimu. Anasema ukipiga simu usiwe unauliza "mmekula?" halafu unakata. Shosho alianguka kidogo bafuni lakini hakuumia. Alikataza tusikuambie, kwa hivyo usimwambie kwamba nimekuambia.

Baba, uliandika kurasa mbili na hukujibu swali langu. Nimezisoma mara nyingi nikidhani jibu limejificha mahali. Umeniambia habari za githeri, za tangawizi na za kikombe cha injinia. Kofia hukuitaja hata mara moja.

Kuhusu kadi, nilimsimulia Mama nikidhani itamfurahisha. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema yeye na wenzake walipokuwa wakifunga maua kule shambani, nao waliletewa kadi. Jioni foleni ilikuwa ndefu, na gari la wafanyakazi halingoji mtu. Basi mmoja alikusanya kadi za wenzake, akazigusisha zote mara moja, wakaenda zao. Anasema kuna siku mwenzao alikuwa amelala nyumbani Kiganjo na homa, na mashine ikamhesabu yuko kazini siku nzima. "Alipata hata pongezi kwa kuwahi," Mama alisema.

Wazazi waliokuwa karibu walicheka. Mimi sikuweza. Mashine inaijua kadi, Baba. Mtu haimjui.

Jambo la pili. Krismasi ulisema gesi mnayotumia kuchomelea ina agoni. Nimesoma juu yake maktaba. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hivyo hukaa chini kama maji kwenye bakuli. Ikijaa, hewa ya kupumua inasukumwa juu. Mtu hahisi kwamba anakabwa. Anahisi usingizi tu, anakaa, basi. Nilimuuliza mwalimu wa kemia kama ni kweli. Aliniuliza kwa nini nataka kujua, na mimi nikaangalia viatu vyangu kama kawaida. Lakini alisema ni kweli.

Tafadhali, ukihisi usingizi ndani ya tangi, usikae chini. Panda. Weka uso juu kabisa.

Na unijibu kuhusu kofia.

Binti yako,
Kui

*

Mombasa
30 Machi 2025

Kwako Maitu,

Nimepokea yako. Pole kwa Shosho. Sitasema kwamba nimesikia.

Nimewasomea wenzangu ile sehemu ya gesi. Yuko kijana mmoja hapa anaitwa Maluki, tunafanya kazi pamoja, mimi ndani yeye mlangoni ananipitishia vifaa. Alisema, "Huyu mtoto wako aje awe injinia, huyu tuliye naye abaki na kikombe." Kwa hivyo una kazi ikikungoja.

Jibu lako ni hili. Kofia zilikatazwa Januari. Tunavaa helmeti, na kuna sheria kwamba mlangoni mwa tangi pasiwekwe kitu chochote kisicho cha kazi. Skrini inatosha, walisema. Lakini mimi bado naacha yangu. Ile ya kijani uliyoninunulia. Naingia, naiweka pembeni mwa tundu, kila siku, kama Mzee Mutisya alivyotufundisha. Umesikia? Kila siku.

Pasaka sitakuja, kazi ni nyingi, meli inatakiwa kushuka majini kabla ya mwisho wa mwaka. Mweleze Mama yako kwa niaba yangu.

Sasa lala.

Baba yako,
Gachau

*

Shuleni, Thika
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwako Baba,

Salamu kutoka kwa wote. Likizo ilikuwa fupi. Nilimsaidia Mama sokoni, ingawa wateja walilalamika kwamba siwaangalii usoni wakati wa kurudisha chenji. Ngigi sasa anavaa soksi moja. Pasaka tulikwenda kanisani Ruiru na Shosho, na pasta alipouliza nani ana jamaa aliye mbali, Shosho aliinua mkono wake na wangu.

Nakushukuru kwa jibu. Tangu nilipojua kofia ya kijani iko mlangoni, nimekuwa nikilala. Msichana wa zamu alikuja Jumanne na nikamtazama kama mtu wa kawaida. Nilikuwa mtu wa kwanza kucheka alipokosea kusoma jina.

Naomba uniandikie kabla ya nusu muhula. Hata mistari mitatu.

Binti yako,
Kui

*

Shuleni, Thika
Jumapili, 8 Juni 2025

Kwako Baba,

Natumaini u mzima. Nusu muhula imepita na hukuandika.

Nilipokuwa nyumbani Mama alisema una malaria, umepewa ruhusa kazini, uko chumbani kwako unapumzika. Alikutumia pesa za dawa. Alipokupigia mbele yangu, nilisikia unasema "niko sawa" mara nyingi, na sauti yako ilikuwa kama ya mtu aliyeweka simu mezani na kusimama mbali nayo. Niliomba kuongea nawe. Mama alisema umekata.

Sitaandika habari zangu leo. Niandikie wewe.

Kui

*

Mombasa
21 Juni 2025

Kwako Maitu,

Nisalimie nyumbani. Mama yako ameniambia kwamba wewe nawe umelazwa sanatoriamu ya shule tangu nusu muhula, matroni anasema huli. Hukuniandikia hilo. Kumbe sote wawili tunaficha. Nimeona nikuambie ukweli, maana unachowazia huko kitandani huenda ni kibaya kuliko kilichotokea. Au labda ni sawa. Sijui.

Sina malaria.

Ilikuwa Ijumaa katikati ya Mei, mwisho wa shifti. Nilikuwa nimemaliza kuchomelea ndani ya tangi. Nikampitishia Maluki mashine ndogo ya mkono, mpira wa gesi, taa kubwa na ile feni ya kuleta hewa. Nilipotoka nikakumbuka pembe moja ya mwisho ambayo sikuisugua. Nikamwambia, "Narudi kidogo." Nikaingia tena na tochi na brashi. Kadi yangu ilikuwa kwake. Hatuingii nazo, cheche zinaziharibu. Kofia ilikuwa mlangoni.

Gari la wafanyakazi likapiga honi. Maluki akakusanya kadi zetu zote akaenda kuzigusisha, kama Mama yako na wenzake walivyofanya kule kwenye maua. Alijua nitatoka nyuma yake. Hakuwa na nia mbaya, Maitu. Alikuwa ananiokolea foleni.

Wakaja vijana wa jioni. Ni wageni, waliajiriwa mwezi wa tatu. Waliambiwa tangi lile lifungwe, lijaribiwe kwa hewa kesho yake. Wakaangalia skrini, hakuna mtu. Mmoja wao akaiona kofia yangu. Hakuwahi kumjua Mzee Mutisya. Akaiokota, akaikung'uta vumbi, akaenda kuiweka kwenye kabati langu isichafuke. Ni kijana mwenye adabu.

Halafu nikasikia kifuniko.

Nilifikiri wananitania. Nikaita, "Wacheni ujinga!" Nikasikia bolti zikiingia, moja baada ya nyingine, na spana inavyozikaza. Niligonga kwa brashi, ikavunjika. Nikagonga kwa kiganja. Nje kulikuwa na mtu anasaga chuma kwa grainda, na ukiwa ndani ya tangi grainda inakuwa kama iko ndani ya meno yako. Hakuna aliyenisikia. Tochi nikaiangusha, ikazimika.

Muda si mrefu nikahisi uchovu mtamu sana. Nikataka kukaa. Nilishakunja magoti kabisa, ndipo nikakumbuka bakuli lako. Nikapanda kwenye mbavu za chuma, nikang'ang'ania pale juu, uso umegusa dari, nikigonga kwa kisigino. Sikuomba Mungu vizuri. Nilikuwa nasema tu majina yenu.

Waliacha kusaga ili waende kunywa chai. Hiyo ndiyo sababu nipo. Kukawa kimya, na mmoja akasema, "Hiyo ni nini?" Wangekuwa hawana chai siku ile, wangefungua asubuhi.

Nilipotoka, wote walikuwa wanalia, hata yule wa kofia. Tukakubaliana tusiseme. Kumpa mwenzako kadi ni kosa la kufukuzwa, kwa aliyetoa na aliyepokea. Maluki ana mtoto mchanga. Mimi nina wewe na Ngigi. Kwa hivyo ofisini hawajui lolote, na kadi bado zinakusanywa, na vijana bado hawajui kofia ni nini.

Niliomba ruhusa, nikasema ni homa. Siwezi kufunga mlango wa choo. Lakini ruhusa inaisha, na Jumatatu tarehe 7 Julai lazima niingie tangi la mbele, au mkataba uishe. Nitaingia. Mara ya kwanza itakuwa mbaya, baadaye nitazoea.

Nakuomba mambo mawili. Kula na usome. Na usimwambie Mama yako.

Baba yako,
Gachau

*

Shuleni, Thika
Ijumaa, 4 Julai 2025

Kwako Baba,

Salamu. Shosho ni mzima. Ngigi ni mzima. Mimi nimetoka sanatoriamu na nimekula uji leo.

Juzi Jumatano msichana wa zamu alikuja darasani, na mara hii jina lilikuwa langu. Sikumbuki nilivyovuka uwanja. Nilipofungua mlango wa ofisi nilitazama kiti cha wageni kwanza. Kilikuwa kitupu. Madam Wayua alikuwa ameshika barua yako, imefunguliwa.

"Keti hapo," alisema. "Baba yako yu hai. Nakuambia hilo kabla hujasoma."

Niliisoma mbele yake. Nilipomaliza hakuniuliza kama nimeelewa, kama wanavyouliza siku zote. Alisema, "Anataka usimwambie mama yako."

"Ndiyo, Madam."

"Na wewe unataka nini?"

Niliangalia viatu. Kisha nikafikiria siku ya Jumatatu. Nilifikiria pia kwamba wote waliojua kuhusu tangi walikuwa wamekubaliana kunyamaza kwa sababu wanapendana, na kwamba nikinyamaza nami nitakuwa mmoja wao. Nikasema, "Naomba simu."

Mama alikuwa sokoni. Nilisikia makelele yote ya Githurai nyuma yake.

"Kui? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna. Mama, kaa chini."

"Nikae wapi, juu ya nyanya?"

"Kaa tu."

Nilimsomea barua yako yote, kuanzia salamu. Sikuruka mahali popote. Hata pale ulipoandika usimwambie Mama yako, nilisoma. Unajua siwezi kusoma kwa sauti mbele ya darasa, lakini nilisoma mpaka jina lako. Nikasikia mteja akimuuliza Mama fungu la sukuma ni ngapi, na Mama akamjibu, "Chukua tu, mama, nenda." Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu Mama hajawahi kumpa mtu sukuma bure.

Baadaye alisema, "Malaria. Nimemtumia huyo mwanaume pesa za dawa ya malaria mara mbili." Kisha akalia. Kisha akauliza Jumatatu ni tarehe ngapi.

Najua utakasirika. Najua Maluki anaweza kufukuzwa, na wewe pia, na karo yangu pamoja nanyi. Nilimwambia Mama hayo yote. Alisema ataongea na huyo injinia bila kutaja jina la mtu, na asipomsikia, atakuvuta kwa shati mpaka Ruiru ukachomelee mageti. Sijui kama injinia atamsikia. Mama mwenyewe hajui.

Sijamwomba mtu msamaha kwa nilichofanya, na kwako pia siombi. Ukiniandikia kwamba nimekukosea, nitaisoma barua hiyo na nitaiweka. Nataka tu uwepo, uiandike.

Mama amekuja shuleni mchana huu, ana mkoba mmoja na ndizi. Basi lake linaondoka jioni, kesho asubuhi atakuwa Mombasa. Alitaka niandike barua hii kwa sababu anasema akikuona ataanza kupiga kelele na atasahau kueleza. Madam Wayua amempa kiti. Nilimpelekea barua aikague, akasema ya leo hataisoma.

Kwa hivyo hii haikuja na posta. Ukiinua macho, aliyeileta amesimama mbele yako. Mfungulie mlango wote, uuache wazi, mkae.

Sasa naikunja.

Binti yako,
Kui